Baraza ya Wapenzi wa Maumbile: Habari za Gazeti la Science-Gossip, 1865–1902

Elimu ina milango miwili. Mlango mmoja ni wa chuo, nao una bawabu; hapiti ila mwenye cheti mkononi. Mlango wa pili ni wa baraza, nao hauna bawabu wala komeo. Apitaye njia hukaribishwa, akaketi, akasikiliza, na akiwa na neno akalisema. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaijua sana baraza. Juu ya sakafu yake mwenye mali na mchuuzi huketi bega kwa bega, na habari za mvua, za bei na za bahari hupimwa kwa ndimi za wengi kabla hazijaaminiwa.

Waingereza hawana desturi ya kuketi barazani. Lakini ulikuwapo wakati ambapo watu wa nchi hiyo walijijengea baraza ya karatasi, wakaizungumzia humo elimu ya wadudu, mimea, makombe na mawe. Baraza hiyo ilikuwa gazeti dogo la kila mwezi lililoitwa Hardwicke's Science-Gossip. Lilianza London mwezi wa Januari 1865, likaisha mwaka 1902. Jina lake lilikuwa la ajabu hata kwa wenyewe, maana gossip kwa Kiingereza ni soga, na mara nyingine ni umbea. Nani basi angethubutu kuiunganisha sayansi na soga? Maneno yaliyopigwa chapa chini ya jina yalieleza nia: gazeti lilikuwa chombo chenye picha cha kubadilishana vitu na mazungumzo, kwa ajili ya wanafunzi na wapenzi wa maumbile.

Habari za gazeti hili si habari za karatasi na wino tu. Ndani yake mna swali ambalo halijapata kwisha katika nchi yoyote: je, elimu ni mali ya wanaoipenda, au ni mali ya wanaolipwa kwa kuifanya?

Gazeti halizuki pasipo sababu. Ili mtu wa kawaida anunue, asome na aandike habari za konokono na uyoga, mambo mengi hayana budi kuwa tayari kwanza, na Uingereza ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa imeyapata moja baada ya moja. Mwaka 1840 serikali iliweka posta ya peni moja. Kabla ya hapo barua ililipiwa kwa umbali wa safari yake, na aghalabu aliyelipa ni mpokeaji. Tangu hapo barua nyepesi ilifika popote katika nchi kwa peni moja iliyotolewa na mpelekaji. Mwaka 1845 ushuru wa kioo uliondolewa, vioo vikawa rahisi. Kodi ya matangazo ilifutwa mwaka 1853, kodi ya stempu juu ya magazeti mwaka 1855, na ushuru wa karatasi mwaka 1861. Kila kodi iliyoondoka ilipunguza bei ya maarifa. Alkadhalika reli zilikuwa zimeenea, hata karani wa mjini aliweza kutoka asubuhi ya siku ya mapumziko, akatembea mashambani au pwani, akarudi jioni na mfuko uliojaa vitu vya kutazama.

Na chombo cha kutazamia kilikuwa kimepatikana. Hadubini, yaani chombo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho matupu, ilikuwa kwa muda mrefu anasa ya matajiri. Mwaka 1855 jumuiya iitwayo Society of Arts ilitoa zawadi kwa fundi atakayetengeneza hadubini njema ya bei nafuu, na mafundi wa Field wa mji wa Birmingham wakaipata kwa hadubini ya ginea 3, yaani paundi 3 na shilingi 3. Bei hiyo haikuwa ndogo kwa maskini, walakini mwalimu wa shule au mwenye duka aliweza kuifikia kwa kuweka akiba.

Pamoja na vyombo ilikuja shauku. Philip Henry Gosse alitoa mwaka 1854 kitabu cha kufundisha namna ya kufuga viumbe vya bahari katika tangi la kioo, na kwa muda mfupi matangi hayo yalionekana katika vyumba vya kupokelea wageni. Wengine walishikwa na mapenzi ya makangaga, mimea ya kivulini isiyotoa maua, wakayapanda katika makasha ya kioo. Mwaka 1858 kasisi J. G. Wood alitoa kitabu cha shilingi moja juu ya viumbe vya kawaida vya mashambani, kikanunuliwa na maelfu ya watu. Hivyo watu walikuwa na macho, vyombo na vitabu vya kuanzia. Walichokosa ni mahali pa kusema walichokiona. Majarida ya wataalamu yalikuwako, ila bei yake ilikuwa kubwa na lugha yake ngumu, na aliyeandika humo alitazamiwa kuwa anajua tayari. Mtu ajuaye nusu, na atakaye kuuliza nusu iliyobaki, hakuwa na pa kwenda.

Pengo hilo lilionwa na mpiga chapa mmoja na karani mmoja. Mpiga chapa ni Robert Hardwicke, mwenye duka la vitabu katika nyumba namba 192 ya mtaa wa Piccadilly, London. Karani ni Mordecai Cubitt Cooke, naye ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza.

Maisha ya Cooke yanaeleza tabia ya gazeti kuliko maelezo mengine yoyote. Alizaliwa mwaka 1825 katika kijiji cha Horning, jimbo la Norfolk, nyumbani kwa watu wenye duka dogo. Hakupelekwa chuo kikuu. Alipokuwa kijana alitiwa katika biashara ya nguo, kisha akawa karani kwa wanasheria, kisha mwalimu wa shule ya watoto wa watu wa kawaida katika mtaa wa Lambeth. Huko alifundisha habari za viumbe kwa kuwaonyesha watoto viumbe vyenyewe. Baadaye alipata kazi katika makumbusho ya vitu vya Kihindi ya serikali. Elimu aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya uyoga na kuvu, nayo alijifunza mwenyewe kwa kutembea, kutazama na kuchora. Mwaka 1862 alitoa kitabu chepesi juu ya uyoga wa Uingereza. Mwaka ule ule 1865 alipoanza kazi ya gazeti, alitoa kingine juu ya kutu, masizi na ukungu uharibuo mimea. Mtu wa namna hii, aliyepanda ngazi bila ya kushikwa mkono, hakusahau jinsi inavyokuwa mtu kuwa na swali na kukosa wa kumwuliza.

Gazeti lilikuwa na kurasa 24 kila mwezi, na bei yake ilikuwa peni 4. Picha zake zilichongwa katika mbao, zikapigwa chapa pamoja na maneno. Mbele ziliwekwa makala fupi, labda juu ya mguu wa nzi, au buibui wa majini, au ukungu wa majani ya waridi. Nyuma yake zilifuata habari za vipande vipande zilizogawanywa kwa mafungu: wanyama, mimea, mambo ya hadubini, mawe na mabaki ya kale. Kisha yalikuja maswali na majibu ya wasomaji. Mwisho ulikuwapo ukurasa wa kubadilishana, na huo ndio uliokuwa sokoni pa baraza, ila soko lisilo na fedha. Mathalan, mwenye makombe ya pwani ya kusini akitaka makangaga ya milima ya kaskazini, alitangaza alichonacho na anachokitaka, akaweka anwani yake. Baada ya siku chache kisanduku kilipita posta, na watu wawili wasiopata kuonana walikuwa wamepata urafiki.

Usomaji wa namna hiyo ulikuwa na adabu yake. Aliyeuliza hakuchekwa kwa kuuliza, na aliyejibu hakuulizwa cheo chake. Wengi waliandika herufi za mwanzo za majina yao tu. Desturi hiyo yaonekana ndogo, lakini ilikuwa na athari kubwa. Herufi mbili chini ya barua hazionyeshi kama mwandishi ni daktari au mshona viatu, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Jambo hilo la pili lilikuwa zito katika zama zile, maana jumuiya kubwa ya elimu ya viumbe mjini London, Linnean Society, haikuchagua wanawake kuwa wanachama wake mpaka mwaka 1904, gazeti lilipokuwa limekwisha kufa. Mwanamke aliyefungiwa mlango wa jumuiya aliweza kuingia barazani.

Makosa yalikuwamo, tena mengi. Mtu aliweza kudai kuwa kaona ndege ambaye hakuwapo, au kuliita jani kwa jina la jani jingine. Lakini kosa lililosemwa mbele ya wengi hupata wa kulisahihisha. Neno lililopigwa chapa mwezi huu lilipingwa mwezi ujao, na mwezi wa tatu mwenyewe akakiri au akaleta ushahidi. Msomaji aliyefuata mabishano hayo alijifunza kitu ambacho vitabu vilivyokwisha kusawazishwa havimfundishi mtu: kwamba ukweli wa maumbile haushuki ukiwa mzima, bali hujengwa kwa kuona, kusema, kukosolewa na kuona tena.

Uwezo wa gazeti ulidhihirika kabla halijatimiza mwaka. Katika toleo la Mei 1865 ilitolewa barua ya msomaji aliyeitwa W. Gibson. Alisema kuwa ingefaa wapenzi wa hadubini wa London, wale wasioifanya kazi ya mshahara, wawe na chama chao cha kukutania. Jumuiya ya wakubwa ya hadubini ilikuwako tangu mwaka 1839, lakini wengi waliiona kuwa ni ghali na yenye haiba ya kutisha. Barua ile ilikuwa fupi. Matokeo yake yalikuwa marefu. Mwezi wa Juni watu wachache walikutana katika nyumba ya Hardwicke, Cooke akiwa miongoni mwao, na mwezi wa Julai chama kikaundwa. Kilipewa jina la Quekett Microscopical Club, kwa kumkumbuka John Thomas Quekett, mtaalamu wa hadubini aliyefariki mwaka 1861, na rais wake wa kwanza alikuwa Edwin Lankester. Baadaye chama hicho cha makarani na wenye maduka kilimpata kuwa rais wake Thomas Henry Huxley, mmoja wa wanasayansi wenye sauti kubwa kabisa katika Uingereza. Chama cha Quekett kingali hai baada ya zaidi ya miaka 150. Kimeishi miaka mingi kuliko gazeti lililokizaa.

Hata hivyo haifai kulisifu gazeti kupita haki yake. Baraza ilikuwa wazi, lakini kuifikia kulihitaji nauli. Peni 4 hazikuwa kitu kwa daktari au kasisi, na kwa karani zilivumilika; kwa mfumaji au mkulima wa kibarua zilikuwa sehemu ya chakula cha watoto. Wasomaji wengi, kwa hiyo, walikuwa watu wa kati. Watu wa chini waliojua maumbile walikuwako, tena hodari, ila njia yao ilikuwa ya miiba.

Mfano wao mashuhuri ni Thomas Edward, mshona viatu wa Banff katika Scotland, aliyezaliwa mwaka 1814. Huyu alishona viatu mchana kutwa, na usiku akatembea pwani na maporini kutafuta wanyama, akalala kidogo mashimoni. Mwaka 1846 alipeleka mkusanyo wake Aberdeen ili auonyeshe kwa kiingilio. Watu hawakuja, akalazimika kuuuza kwa paundi 20 na ushei ili alipe madeni. Aliwapelekea wataalamu viumbe vya jamii ya kaa na kamba, na baadhi vilikuwa havijulikani kabisa katika elimu. Wataalamu waliviandika vitabuni, sifa ikawa ya vitabu. Linnean Society ilimpa daraja ya mshiriki mwaka 1866. Baada ya Samuel Smiles kuandika maisha yake mwaka 1876, Malkia alimpa posho ya paundi 50 kwa mwaka, na wakati huo Edward alikuwa mzee. Mwaka wa kwanza wa Science-Gossip ulimkuta mtu wa namna hii ameinama juu ya kiatu cha mwenziwe. Nia ya gazeti ilikuwa njema, lakini nia njema ya gazeti haiondoi peke yake ukuta uliojengwa na mali na nasaba.

Baada ya miaka saba Cooke aliacha kiti. Mwaka 1872 alianzisha jarida lake, Grevillea, kwa ajili ya wajuzi wa kuvu na mimea isiyotoa maua. Baadaye, mwaka 1880, mkusanyo wa mimea wa makumbusho ya Kihindi ulipohamishiwa bustani ya Kew, naye alihamia huko. Mhariri wa pili, John Ellor Taylor, alitoka katika udongo ule ule. Alizaliwa karibu na Manchester, na alipokuwa mtoto wa miaka kumi na kitu alikuwa tayari kazini katika karakana ya reli, kwanza akitunza bohari, kisha akifunzwa ufundi wa mitambo. Elimu aliipata usiku. Alipenda mawe na mabaki ya viumbe vya kale, akawa mwandishi wa magazeti huko Norwich, na mwaka 1872 akawa mtunzaji wa makumbusho ya Ipswich. Humo alitoa mihadhara iliyohudhuriwa na watu wengi wa kawaida. Kwa miaka 21, toka 1872 hata 1893, aliliongoza gazeti pamoja na makumbusho. Hardwicke alifariki mwaka 1875, gazeti likapita katika mikono ya wachapaji wengine, lakini jina lake lilibaki juu ya jalada. Katika miaka ya 1880 Taylor aliingiza hata picha za rangi za vitu vilivyotazamwa kwa hadubini, jambo la fahari kwa gazeti la bei ndogo.

Zama za Taylor ndizo zilizolikomaza gazeti, na ndizo zilizodhihirisha aibu iliyofichamana ndani ya shauku. Kupenda na kutaka kumiliki ni ndugu wa karibu. Mpenzi wa ndege alitaka mayai yake. Mpenzi wa makangaga alitaka kuyang'oa na mizizi. Mpenzi wa bahari alishuka ufukoni na nyundo na ndoo. Mmoja akifanya hivyo si neno. Wakifanya maelfu, ni balaa. Kangaga liitwalo Killarney, lipendalo mapango yenye unyevu, lilikusanywa hata likatoweka katika mahali pengi. Makangaga madogo ya milimani ya jamii ya Woodsia yalikaribia kwisha kabisa katika Uingereza, na mpaka leo hayajapona. Edmund Gosse, mwana wa yule aliyewafundisha watu kufuga viumbe vya bahari, aliandika kwa huzuni mwaka 1907 jinsi mabwawa ya miambani aliyoyajua utotoni yalivyoharibiwa na umati wa wakusanyaji. Vitabu vya babake ndivyo vilivyouita umati huo.

Ukurasa wa kubadilishana wa Science-Gossip hauwezi kutolewa hatiani. Kila tangazo la mimea adimu lilikuwa pia mwaliko wa kuing'oa. Lakini ukweli una upande wa pili. Walioanza kuona kuwa kitu kinapungua walikuwa wale wale waliozoea kukitafuta. Asiyejua kangaga lilikuwa wapi hawezi kujua kuwa limeondoka. Bunge lilipotoa sheria ya kuwalinda ndege wa baharini mwaka 1869, na wanawake walipoanzisha mwaka 1889 chama cha kupinga mauaji ya ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia, walisikilizwa na umma uliokwisha kufundishwa kutazama. Magazeti ya namna hii yaliwafundisha watu kukusanya, na kwa kukusanya wakajua thamani ya kuacha. Ni somo lililolipiwa ghali, na waliolilipia ni viumbe wasio na ulimi.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakibadilika katika nyumba ya elimu yenyewe. Tarehe 4 Novemba 1869 lilitoka toleo la kwanza la jarida la Nature, mhariri wake akiwa Norman Lockyer na mchapaji wake nyumba ya Macmillan. Nalo liliuzwa peni 4, ila kwa kila juma. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwatumikia pamoja umma na wataalamu. Muda si mrefu wataalamu walilifanya kuwa lao. Humo walitangaziana mavumbuzi na kushindana hoja, na mtu wa kawaida akabaki nje akisikia sauti tu. Macmillan walibeba hasara yake kwa karibu miaka 30 kabla halijaleta faida. Nature lilikuwa na mchapaji tajiri wa kulingojea. Science-Gossip halikuwa na mtu wa namna hiyo.

Tena mahali pa elimu ya viumbe palihama. Kuanzia mwaka 1871 Huxley aliwafundisha walimu huko South Kensington kwa njia ya maabara: kupasua, kuchora na kupima chini ya uangalizi. Njia hiyo ilikuwa bora kwa mambo mengi, ikaenea vyuoni. Lakini ilimaanisha kuwa maswali makubwa ya elimu hayakuwa tena katika ua wa mtu au kando ya kijito, bali katika chumba chenye vyombo ambavyo mtu wa ridhaa hakuwa navyo. Aliyepata mshahara kwa kazi ya elimu hakuwa na haja ya kuwajibu wauliza maswali wa peni 4. Cheo chake kilitegemea kusomwa na wenziwe. Polepole wajuzi waliondoka barazani, mmoja mmoja, bila ya ugomvi. Nao waliobaki, wenye kupenda jambo moja tu, walipata magazeti yao mahususi ya wadudu, ya ndege, ya makombe. Baraza kubwa ikawa na watu wachache.

Mwaka 1893 Taylor alifikia mwisho wa nguvu zake. Alistaafu makumbusho ya Ipswich akiwa katika dhiki, akafariki mwaka 1895. Mwaka 1894 gazeti lilianza mfululizo mpya chini ya John T. Carrington, mjuzi wa vipepeo aliyewahi kutunza viumbe vya majini huko Westminster. Carrington alilikuza umbo, akaongeza habari za sayansi nyingine. Hata hivyo kadiri gazeti lilivyojaribu kufanana na majarida ya wataalamu, ndivyo lilivyopoteza lile lililolifanya lipendwe. Mtu atakaye chuo huenda chuoni. Atakaye baraza haridhiki na mfano wa chuo. Mwaka 1902 gazeti lilisimama.

Wako walioona kuwa kufa huko ni haki, kwamba soga lilikwisha na sayansi ikabaki. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Cooke, aliyeanzia duka la kijijini, alituzwa nishani ya Linnean Society mwaka 1903, akahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa elimu ya kuvu mpaka alipofariki mwaka 1914. Baraza, basi, haikuwa adui wa elimu ya juu. Ilikuwa shule ya baadhi ya watu wake. Pili, vile vipande vya habari vilivyodharauliwa, fulani kaona kipepeo fulani katika kijiji fulani mwezi fulani, vimegeuka kuwa hazina kwa wanaotaka kujua viumbe walikuwa wapi kabla ya miji, dawa za mashamba na mabadiliko ya hali ya hewa. Hakuna profesa wa zama zile aliyeweza kuwa katika vijiji elfu kwa siku moja, wasomaji waliweza. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakijamalizika kupimwa.

Ushahidi wa mwisho ulikuja baada ya zaidi ya miaka 110. Mwaka 2015, watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza, wakishirikiana na mradi wa Zooniverse na maktaba ya Biodiversity Heritage Library, waliwaalika watu wa kawaida wa dunia nzima kuzisoma kwa njia ya intaneti kurasa za majarida ya maumbile ya karne ya 19, kuzitafuta picha zake, na kuandika ni za kiumbe gani na zimechorwa na nani. Mashine hazikuweza kuifanya kazi hiyo vizuri, na wataalamu walikuwa wachache mno. Ilipotakiwa kazi ile ipewe jina, ilipewa Science Gossip. Jina lililoonekana kuwa la mzaha mwaka 1865 lilichukuliwa na wenye vyuo wenyewe walipohitaji kurudi barazani.

Kwa hiyo jibu la lile swali la kwanza limo katika mwendo wa gazeti. Elimu haikustawi kwa wapendao peke yao, maana mapenzi yasiyo na wa kuyaongoza yaling'oa makangaga na kuchanganya majina. Wala haikutosheka na walipwao peke yao, maana macho yao ni machache na dunia ni pana. Ilistawi zaidi katika miaka ile ambayo mjuzi aliona si aibu kuketi karibu na mwuliza swali, na mwuliza swali aliona si kosa kumwambia mjuzi, “Mimi nimekiona kwa macho yangu.” Aliyeondoka kwanza katika baraza ile alikuwa mjuzi, na miaka mia baadaye aliyerudi kubisha hodi alikuwa yeye.